Kabla ya Kumwaga Msingi: Hotuba kuhusu Nyumba za Kupangisha Jijini Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe wa bodi, walimu mliostaafu na mnaokaribia kustaafu, mabibi na mabwana,

Nawashukuru kwa kunikaribisha katika mkutano mkuu wa chama chenu cha akiba na mikopo, na kwa kunipa mada ambayo nimeishi nayo tangu nilipoanza kazi ya uthamini wa majengo katika jiji hili. Nimeelezwa kwamba ajenda ya alasiri ni pendekezo la chama kununua kiwanja na kujenga nyumba za kupangisha, na kwamba wajumbe wengi, mbali na mradi huo wa pamoja, wanafikiria kutumia mkupuo wa mafao yao kwa jambo hilohilo. Kwa sababu hiyo sitasema mengi juu ya uzuri wa kumiliki nyumba, maana hakuna hapa asiyeujua. Nitazungumza juu ya yanayowakera na kuwaumiza waliokwisha kuingia, na hoja yangu ni hii: hasara nyingi za nyumba za kupangisha huingia kabla mpangaji wa kwanza hajakabidhiwa ufunguo, kwa njia ya makaratasi ambayo hayakukaguliwa na hesabu ambayo haikufanywa mpaka mwisho.

Wahitaji wa nyumba wapo, tena wengi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na yeyote anayepita Mbagala, Tabata au Kimara saa kumi na mbili asubuhi anaona jinsi watu wanavyozidi mahali pa kuwaweka. Hata hivyo, mtu anayetafuta nyumba anatafuta ile anayoimudu, yenye maji, iliyo karibu na daladala au mwendokasi, na mahali ambapo gari la taka linafika. Nyumba nzuri iliyojengwa mwisho wa njia ya vumbi, ambako bodaboda inatoza kwa siku karibu sawa na pango la siku, hubaki tupu hata kama jiji zima linalia kukosa makazi.

Naomba nianze na ardhi, kwa kuwa hapo ndipo ninapoona machozi mengi zaidi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, ardhi yote nchini ni mali ya umma iliyo chini ya Rais kama mdhamini, na sisi tunachopewa ni haki ya kuitumia, kwa kawaida kwa miaka 33, 66 au 99, kwa masharti yaliyoandikwa kwenye hati. Chini ya hati kuna leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi na hutolewa katika maeneo yasiyopangwa. Chini ya leseni kuna karatasi ya mauziano iliyoandikwa mezani kwa mwenyekiti wa mtaa, ikiwa na majina ya mashahidi, alama za dole gumba na muhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba fulani alimpa fulani fedha mbele ya watu, lakini haithibitishi kwamba aliyepokea fedha alikuwa na haki ya kuuza, na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo inayojaza mabaraza ya ardhi.

Siku hizi kuna pia viwanja vinavyouzwa kwa jina la mradi, kwa malipo ya awali na marejesho ya kila mwezi. Vipo vilivyo halali kabisa, na vimewasaidia watumishi wengi wasio na fedha za mkupuo kupata eneo. Lakini mnunuzi anapoambiwa kwamba kiwanja kimepimwa, aulize kimefikia hatua gani, kwa sababu kuwa na mchoro wa mipangomiji ulioidhinishwa, ambao wengi huuita TP, ni hatua moja, kuwa na ramani ya upimaji iliyosajiliwa ni hatua nyingine, na hati ni hatua ya tatu, na kati ya hatua hizo miaka inaweza kupita huku muuzaji akiwa amekwisha kuhamia mradi mwingine. Aliyelipia kiwanja chenye TP peke yake akakopa fedha za ujenzi akitarajia hati itoke mwezi ujao amejifunga mwenyewe, maana benki haitapokea mchoro kama dhamana ya mkopo wa nyumba.

Pale ambapo hati ipo, fanyeni upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati, na msikubali kuletewa majibu ya upekuzi na muuzaji au na dalali. Upekuzi unaonyesha jina la mmiliki, rehani ya benki kama ipo, na zuio, yaani katazo la kuuza, kama lipo. Hauonyeshi ndugu walioko ndani ya nyumba. Nimekuta nyumba ambayo hati yake ilikuwa safi, haina deni hata moja, lakini mwenye jina alikuwa marehemu na watoto walikuwa wameuza bila msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mnunuzi alikuwa amelipa, amepaka rangi na ameweka geti jipya, ndipo akatokea mtoto wa mke mkubwa akiwa na barua ya wito. Hali kama hiyo hutokea pia kwa wanandoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina kwenye hati ni la mmoja tu. Kwa hiyo mnunuzi anayeogopa kuuliza, «Mama mwenye nyumba yuko wapi, na yeye amekubali?» kwa kuona kwamba anaingilia mambo ya watu, anahatarisha fedha zake zote kwa sababu ya kuona haya.

Baada ya mmiliki, kuna mahali penyewe. Wengi wetu tunakumbuka mafuriko ya Desemba 2011 na familia zilizohamishwa kutoka bonde la Msimbazi kupelekwa Mabwepande. Katika bonde lile kulikuwa na nyumba za kupangisha zilizokuwa zikileta kodi kila mwezi, na wenye nyumba waliamini kwamba kwa kuwa zina umeme na wapangaji, basi zimekubalika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na ufukwe wa bahari, na mita hizo hazipungui kwa sababu DAWASA au TANESCO wamefika. Mwaka 2017 tulishuhudia ubomoaji katika hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, ambako kulikuwa na nyumba za watu waliokaa miaka mingi wakilipia huduma kama raia wengine wowote. Sitaki kuingia katika mjadala wa nani alikuwa na haki, kwa kuwa walioumia wanastahili heshima kuliko maoni yangu. Ninachotaka mkione ni kwamba umeme na maji si ushahidi wa uhalali wa eneo, na ofisi ya mipangomiji ya manispaa inaweza kukuonyesha mipaka ya hifadhi kabla hujalipa shilingi.

Kigamboni kuna funzo la aina nyingine. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza mpango wa mji mpya, na wenye maeneo wakasimamishwa kuendeleza wakisubiri fidia na ramani mpya. Mpango ule haukutekelezwa kama ulivyotangazwa, na baadaye ukaachwa. Katikati ya hayo, daraja likajengwa na kufunguliwa Aprili 2016, na waliokuwa wamekata tamaa wakaona eneo lao linatafutwa tena. Aliyenunua kwa fedha ambazo hakuzihitaji kwa miaka kumi alivumilia. Aliyenunua kwa mafao akitarajia kodi baada ya mwaka mmoja hakuwa na uwezo wa kungoja. Kiwanja ni kilekile na uamuzi wa Serikali ni uleule, lakini mmoja alipata faida na mwingine aliuza kwa bei ya shida.

Sasa ujenzi. Tunajenga kidogo kidogo, kwa sababu mshahara unakuja kidogo kidogo, na sioni aibu katika hilo, maana ndivyo sehemu kubwa ya jiji hili ilivyojengwa. Gharama yake, hata hivyo, haionekani kwenye makadirio ya fundi. Nondo zilizoachwa nje kwa misimu miwili ya mvua hushika kutu, kuta zisizopauliwa hunyonya maji, na bei ya saruji na bati haikungojei. Ndani ya pagale lililosimama miaka mitano kuna fedha ambazo hazijaleta hata senti moja kwa muda wote huo. Ndugu zetu walioko Muscat, London au Minneapolis wanalijua jambo hili kwa uchungu wa pekee, kwa kuwa wengi wametuma fedha kwa ndugu wa kusimamia, wakaletewa picha za lenta na za kupaua, na walipokuja likizo wakakuta hali tofauti na picha.

Hata msimamizi akiwa mwaminifu, yapo mambo madogo yanayokula jengo. Chukueni tofali. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unaotakiwa kutoa tofali kama 30 za inchi 6 unaweza kulazimishwa kutoa 50, na siku ya kupokea mzigo tofali zote zinafanana kwa macho. Inueni moja hadi usawa wa goti muiachie ianguke kwenye ardhi ngumu, na mkune pembe yake kwa ufunguo. Ikimomonyoka kama mchanga, rudisheni mzigo wote siku hiyohiyo, kabla gari halijaondoka. Tofali mbovu haitaonekana kwenye ramani wala kwenye makadirio, lakini baada ya miaka mitatu plasta itaanza kubanduka chini ya madirisha, na kila mpangaji atakayekuja kuangalia nyumba ataiona kabla hajauliza bei.

Ndugu wajumbe, naomba tuingie kwenye hesabu, na hapa nitakwenda polepole. Tuchukue mfano wa kiwanja cha shilingi milioni 15 na jengo la shilingi milioni 65, lenye nyumba nne ndogo, kila moja ikiwa na chumba, sebule, jiko na choo cha ndani, na kila moja ikipangishwa kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa haraka tunapata shilingi 600,000 kwa mwezi, yaani shilingi 7,200,000 kwa mwaka, sawa na asilimia 9 ya milioni 80 tulizotumia. Hapo ndipo watu wengi huweka kalamu chini. Tukiendelea, kila nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja tu kwa mwaka kati ya mpangaji anayeondoka na anayeingia, tunabaki na shilingi 6,600,000. Kodi ya zuio, yaani kodi ya Serikali inayokatwa kwenye pango lenyewe, ya asilimia 10 inaondoa shilingi 660,000. Tukitenga shilingi milioni moja kwa mwaka kwa ajili ya rangi, vitasa, koki, masinki yaliyopasuka, pampu ya maji na bati zilizoinuka kwa upepo, na shilingi 340,000 kwa ajili ya kodi ya pango la ardhi, kodi ya majengo na gari la kunyonya majitaka, tunafika shilingi 4,600,000. Hiyo ni chini ya asilimia 6 kwa mwaka, na kwa kasi hiyo milioni 80 zitarudi baada ya zaidi ya miaka 17, tukianza kuhesabu siku mpangaji wa kwanza alipoingia, wala si siku kiwanja kiliponunuliwa.

Kwa kulinganisha, hatifungani ya Serikali, yaani mkopo ambao mwananchi anaipa Serikali kwa riba, ya miaka 20 iliyotolewa mwaka 2022 ilikuwa na riba ya asilimia 12.1 kwa mwaka, ambayo haikatwi kodi ya zuio. Milioni 80 zilezile zingeleta shilingi 9,680,000 kwa mwaka bila koki kuvuja. Ni lazima niseme upande wa pili kwa haki: mwisho wa miaka 20 hatifungani itakurudishia milioni 80 zilezile, zikiwa zimepungua nguvu ya kununua, wakati ardhi iliyo mahali pazuri itakuwa imepanda, na kodi za nyumba nazo zitakuwa zimepanda njiani. Kwa hiyo faida kubwa ya nyumba ya kupangisha mara nyingi hutoka kwenye kupanda kwa thamani ya kiwanja, na kodi ya kila mwezi ni nyongeza. Mstaafu anayehitaji fedha ya dawa na chakula mwezi huu hawezi kula kupanda kwa thamani, na mshauri anayemwambia aweke mkupuo wake wote kwenye tofali hajamtendea haki.

Nyumba ikishakamilika, huja kero za kila siku, na nitazigusa mbili au tatu. Desturi yetu ya kupokea kodi ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo inawaumiza wapangaji, jambo ambalo limesemwa sana. Haisemwi sana kwamba inawaumiza na wenye nyumba. Fedha ya miezi sita ikiingia Januari inakutana na ada za shule, na Aprili tanki la maji likipasuka wakati wa masika, mwenye nyumba hana kitu, naye mpangaji aliyekwisha kulipa mpaka Juni anadai haki yake kwa sauti kubwa. Kodi ya mwezi mmoja mmoja au ya miezi mitatu, yenye tarehe maalumu na risiti, huleta wapangaji wengi zaidi na humlazimisha mwenye nyumba kupanga matumizi.

Kero ya pili ni mita ya umeme ya kuchangia. Nyumba nne, LUKU moja. Mama wa nyumba ya kwanza ana friji ya kugandishia barafu za kuuza, kijana wa nyumba ya pili anarudi saa nne usiku na kuwasha taa mbili na simu, wa tatu ana pasi na jiko la umeme, na wote wananunua umeme kwa zamu. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo mpangaji ambaye zamu yake inaangukia ununuzi wa kwanza wa mwezi anapata yuniti pungufu ya fedha aliyolipa, na ugomvi unaanza uani kabla ya mchana. Kodi ile ni ya mwenye nyumba. Wekeni kwenye mkataba kwamba itapunguzwa kwenye pango, na tangu mwanzo tengeni bajeti ya kila nyumba kuwa na mita yake. Nimeona wapangaji wazuri, wanaolipa kabla ya tarehe, wakihama kwa sababu ya LUKU ya kuchangia tu.

Mpangaji asiyelipa na asiyeondoka yupo pia, na hasira anazozizaa nazielewa. Lakini kung'oa mlango, kuezua bati au kutoa vyombo nje bila amri kunamgeuza mwenye nyumba kuwa mshtakiwa katika shauri ambalo angelishinda. Njia ni notisi ya maandishi, kisha usuluhishi, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata limebaki na kazi ya kusuluhisha na haliamui tena migogoro ya ardhi, kwa hiyo msipoteze miezi mkingoja hukumu kutoka huko. Njia hii huchukua muda, na mwenye mkataba wa maneno matupu huchukua muda mrefu zaidi.

Kuhusu mikopo nitasema kwa kifupi. Riba za mikopo ya nyumba nchini kwetu zimekuwa kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 19. Mkopo wa shilingi milioni 50 kwa asilimia 16 kwa miaka 15 unadai marejesho ya karibu shilingi 734,000 kila mwezi. Nyumba nne za mfano wetu, zikiwa zimejaa zote bila kukatwa kodi wala kutengenezwa chochote, zinaleta shilingi 600,000. Sina la kuongeza.

Na ikifika siku ya kutaka kutoka, kumbukeni kwamba nyumba haiuzwi kwa wiki moja. Kuna dalali, kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1, kuna kodi ya ongezeko la mtaji ambayo kwa mkazi huhesabiwa kwa asilimia 10 ya faida, na aliyetupa risiti za ujenzi atashindwa kuonyesha gharama zake halisi. Anayeuza kwa sababu mgonjwa yuko hospitali hujulikana na wanunuzi mtaa mzima kabla jua halijazama, na bei hushuka kwa kila simu.

Ndugu Mwenyekiti, kuhusu ajenda ya alasiri, ombi langu ni kwamba wajumbe wasipige kura ya kununua leo. Kamati ipewe muda wa kuleta mezani majibu ya upekuzi yaliyochukuliwa na wakili wa chama mwenyewe, nakala ya ramani ya upimaji iliyosajiliwa, barua ya ofisi ya mipangomiji kuhusu matumizi ya eneo na hifadhi za barabara na mto, na makadirio ya ujenzi yenye kipindi cha kumaliza. Iletwe pia hesabu ya pango baada ya kuondoa miezi tupu, matengenezo na kodi zote za Serikali, pamoja na maelezo ya fedha zitakazobaki kwenye mfuko wa chama kwa ajili ya wanachama watakaohitaji mikopo ya dharura wakati jengo bado halina bati. Eneo linalopendekezwa nimelipita juzi. Upande wa mashariki kuna mkondo wa maji ambao wakati huu wa kiangazi umekauka na umeoteshwa mchicha, na ningependa mpima apime umbali kutoka ukingo wake kabla ya mvua za vuli. Makabrasha hayo yakikamilika nitayapitia bila malipo, na nitakuja tena kuyajibia maswali.

Asanteni kwa kunisikiliza.